Gahanga: Mgeni anayetaka kutazama Intore aelekee wapi?

Kigali haina jumba moja ambalo kila mgeni hupelekwa kutazama ngoma za jadi. Kwa msafiri aliyefikia Gahanga, uchaguzi wa mahali hutegemea kwanza anataka kuona nini, kisha siku alizo nazo, na mwisho fedha zilizomo mfukoni mwake.

Tarafa ya Gahanga, wilayani Kicukiro, iko ukingo wa kusini wa jiji la Kigali, kando ya barabara inayoteremka hadi daraja la mto Nyabarongo na kuendelea hadi Bugesera. Kwa miaka mingi wasafiri waliipita tu. Tangu mwaka 2017, ulipofunguliwa hapo uwanja wa kriketi wenye mapaa ya kuba, timu na mashabiki kutoka nchi jirani wamekuwa wakifika, hasa mwezi Juni yanapofanyika mashindano ya wanawake yaitwayo Kwibuka, yaliyoanzishwa mwaka 2014 kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Tanzania, Kenya na Uganda ni miongoni mwa nchi ambazo timu zao zimeshiriki.

Mechi zikiisha, wageni hao huuliza swali lile lile ambalo huulizwa na ndugu waliokuja harusini au na mfanyabiashara aliyebakiwa na jioni moja kabla ya kurejea kwao: Intore wanachezwa wapi? Na mara nyingi anayeulizwa ni Mswahili wa Nyamirambo au Biryogo, kwa kuwa yeye na mgeni wanaelewana lugha. Mwenyeji huyo hana budi kujua la kujibu. Mgeni aliyepelekwa mahali pasipofaa hatagundua kwamba amepunjwa. Atarudi Mwanza, Mombasa au Bukavu akiwa na hakika kwamba ameiona ngoma ya Rwanda, ilhali alichoona ni vijana wanne wakirukaruka kwa muziki wa spika wakati yeye akisubiri mishikaki.

Kinachotazamwa ni nini hasa

Neno intore katika Kinyarwanda lina maana ya wateule. Katika zama za ufalme, vijana waliochaguliwa walikaa katika itorero, chuo cha makao ya mfalme na ya wakuu wake, wakafunzwa vita, ufasaha wa kusema, adabu na kucheza. Mchezo wao, unaoitwa guhamiriza, ni wa kivita: wanaume hujipanga safu, kichwani wakivaa manyoya marefu ya katani yaitwayo umugara, mkononi wakiwa na mkuki na ngao ndogo, na miguuni wakifunga njuga ziitwazo amayugi. Anayeongoza hupewa cheo cha intore izirusha intambwe, yaani anayewapita wenzake kwa hatua.

Uzuri wake haumo katika kuruka pekee. Umo katika umoja wa mguu. Njuga za watu ishirini zikilia kwa pamoja husikika kama njuga za mtu mmoja, na mmoja akichelewa, hata asiyejua lolote kuhusu Rwanda husikia. Ndiyo maana idadi ya wachezaji na ukaribu wa mtazamaji ni mambo yenye uzito kuliko mapambo ya ukumbi.

Intore hawachezi peke yao. Wanawake hucheza umushagiriro, mchezo wa taratibu ambao mikono huinuliwa juu ikifananisha pembe ndefu za ng'ombe wa kifalme, inyambo. Kaskazini kuna ikinimba, na upande wa mashariki, katika nchi ya wafugaji ya Umutara, kuna igishakamba. Vyombo ni ngoma za ukubwa mbalimbali, inanga, iningiri, umuduri na pembe ziitwazo amakondera. Katikati ya michezo husimama mtu akajisifu kwa kivugo, au akataja majina ya sifa ya ng'ombe kwa ushairi wa kasi. Onyesho kamili huwa na mchanganyiko huo wote.

Mwezi Desemba mwaka 2024, kamati ya UNESCO iliyokutana Asunción, Paraguay, iliiingiza Intore katika orodha ya turathi za kitamaduni zisizoshikika za binadamu. Majirani wa kusini walitangulia: ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa mwaka 2014. Hadhi hiyo huongeza idadi ya wageni wanaoulizia ngoma hizo, na wageni wakiongezeka, huongezeka pia wanaowauzia kitu kinachofanana nazo kwa mavazi tu.

Maneno matatu yanayopoteza njia

Kabla ya mahali, mgeni wa Kiswahili anapaswa kujihadhari na maneno ambayo kwa sikio yanafanana na ya kwake.

La kwanza ni ngoma. Kwa Mswahili, ngoma ni chombo na pia ni mchezo wenyewe. Kwa Mnyarwanda, ingoma ni chombo, na ni utawala wa mfalme pia, lakini uchezaji huitwa imbyino. Anayeomba kuonyeshwa ingoma anaweza kuletewa wapigaji hodari wasiocheza hata hatua moja.

La pili ni itorero. Leo neno hilo hutumika kwa kundi la wacheza ngoma, na vilevile kwa kanisa. Anayeuliza njiani itorero liko wapi siku ya Jumapili ataelekezwa kwenye ibada. Ni salama kutaja Intore, au kutaja jina la kundi.

La tatu ni Nyanza. Kituo cha mabasi kilicho jirani na Gahanga, upande wa Kicukiro, kinaitwa Nyanza. Jumba la makumbusho la mfalme liko Nyanza nyingine, wilaya ya Mkoa wa Kusini, safari ya takriban saa mbili kwa gari. Mwenyeji anapomwambia mgeni wa Gahanga kwamba makao ya mfalme yako Nyanza, amfafanulie kwamba siyo hiyo anayoiona kila akishuka basi, na kwamba mabasi ya kwenda huko huanzia Nyabugogo, upande mwingine wa jiji.

Ngoma ya jukwaani na ngoma ya watu

Tatizo la kuchagua mahali si la Rwanda pekee. Anayekwenda Buenos Aires, Argentina, kutazama tango hukutana na njia mbili. Ya kwanza ni kumbi za chakula cha jioni, ambako wachezaji wenye mafunzo hupanda jukwaani, wageni hufuatwa hotelini kwa gari, na kila hatua imepangwa. Ya pili ni milonga, mahali ambapo wakazi wenyewe hukutana wakacheza kwa furaha yao, wazee kwa vijana, bila jukwaa wala makofi. Ukumbini mgeni huona ustadi. Kwenye milonga huona maisha. Tango iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2009, kwa ombi la Argentina na Uruguay, na kumbi zote mbili ziliendelea kuwa na wateja wake. Anayejua anachokitafuta hutoka ameridhika katika kila moja. Anayechanganya mawili hulalamika kotekote.

Katika Afrika Mashariki miji kadhaa ilitatua jambo hili kwa kujenga nyumba maalumu. Nairobi ilizoea kuwapeleka wageni Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971. Kampala ina Ndere Centre huko Ntinda, kituo cha kundi lililoasisiwa na Stephen Rwangyezi. Dar es Salaam ina Kijiji cha Makumbusho, na Burundi ina Gishora, karibu na Gitega, ambako wapiga ngoma hupokea wageni kwenye uwanja wenye historia ya kifalme. Kigali haijawa na nyumba ya aina hiyo ambayo mtu aweza kuifikia siku yoyote akakuta onyesho. Ngoma ya Rwanda imetawanyika katika hoteli, kumbi za tamasha, majumba ya makumbusho, sherehe za taifa na harusi. Kila mahali huonyesha upande mmoja wake.

Ikumbukwe pia kwamba kuwachezea wageni si jambo la jana. Filamu ya Marekani ya mwaka 1950, King Solomon's Mines, iliwapeleka wachezaji wa Rwanda kwenye majumba ya sinema ya dunia nzima. Kwa hiyo si haki kuliita kila onyesho la kulipiwa kuwa la uongo. Swali linalofaa ni kama kazi imefanywa vizuri na kama waliofanya wameheshimiwa.

Hoteli na migahawa ya Kigali

Kwa mgeni wa Gahanga mwenye jioni moja tu, hoteli ndiyo njia fupi. Baadhi ya hoteli na migahawa mikubwa ya Kigali hualika makundi siku fulani za juma, na nyingine hufanya hivyo kukiwa na mkutano. Faida yake ni uhakika wa kiti, chakula na usafiri wa kurudi. Hasara yake ni kwamba kundi huwa dogo, muda ni mfupi, na wachezaji hubanwa kati ya meza. Mtazamaji aliye mbali husikia vijiko kuliko njuga.

Kituo cha Sanaa cha Inema, huko Kacyiru, kilichofunguliwa mwaka 2012 na ndugu wawili wachoraji, hujulikana zaidi kwa picha, lakini kimelea pia vijana wanaocheza ngoma za jadi. Hapo mazingira ni ya wazi na watu husimama karibu. Siku na saa hubadilika, kwa hiyo mgeni apige simu kabla ya kupanda gari kutoka Gahanga, kwani Kacyiru iko ng'ambo ya pili ya jiji.

Kumbi za tamasha

Anayetaka kuona ustadi wa juu kabisa asubiri makundi makubwa. Urukerereza ni kundi la taifa, lililoundwa mwaka 1974, na huonekana zaidi katika hafla za serikali na ziara za nje. Inganzo Ngari, Inyamibwa na Ibihame by'Imana ni makundi ambayo wapenzi wa ngoma mjini Kigali huyataja kwa majina na kuyalinganisha, kama watu wa pwani wanavyolinganisha vikundi vya taarabu. Hayo huandaa maonyesho ya tiketi mara chache kwa mwaka, katika kumbi kama Camp Kigali au BK Arena iliyofunguliwa mwaka 2019.

Hapa ndipo mgeni huona wachezaji kwa makumi, ngoma na sauti za moja kwa moja, na ukumbi uliojaa Wanyarwanda wanaojua kila wimbo. Watazamaji wa namna hiyo ni dalili bora. Kundi linaloweza kuwafanya watu wa nyumbani wanunue tiketi halina haja ya kumdanganya mgeni. Dosari ni mbili: maonyesho hayafuati ratiba ya msafiri, na maelezo hutolewa kwa Kinyarwanda pekee. Mgeni aende na mwenyeji wa kumnong'oneza maana.

Nyanza, Huye na Musanze

Mwenye siku nzima apewe ushauri wa kutoka Kigali. Katika jumba la makumbusho la mfalme, Nyanza ya Kusini, mgeni huona nyumba ya msonge iliyojengwa upya kwa mfano wa kale, na jumba la kisasa la mwanzoni mwa miaka ya 1930 la mfalme Mutara III Rudahigwa. Nyuma yake wako inyambo wenye pembe ndefu, na wachungaji wanaowaimbia. Aliyewaona ng'ombe hao kwanza, kisha akatazama umushagiriro, hahitaji kuelezwa mikono ile iliyoinuliwa inasema nini. Ngoma yenyewe haichezwi kila saa: anayetaka kundi aliulizie mapema.

Mbele zaidi kusini, mjini Huye, iko makumbusho ya ethnografia iliyofunguliwa mwaka 1989, ambako vyombo vya muziki vinatazamwa kwa karibu. Mji huo ndiko lilikozaliwa kundi la wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, lililoanzishwa na Odile Gakire Katese mwaka 2004. Kwa desturi ya zamani mwanamke hakupiga ngoma. Kwa hiyo mgeni anayetafuta ukale mtupu atashangaa, na anayetaka kuona jinsi utamaduni unavyoishi atafurahi.

Kaskazini, karibu na Hifadhi ya Volkano wilayani Musanze, kuna kijiji cha utamaduni kilichoitwa Iby'Iwacu na ambacho sasa huitwa Gorilla Guardians Village. Baadhi ya wanaowapokea wageni hapo waliwahi kuwinda ndani ya hifadhi, na malipo ya wageni yalikusudiwa kuwapa riziki nyingine. Mchezo hapo ni wa kijijini, wenye vicheko na mgeni kuvutwa kati acheze. Anayetafuta nidhamu ya Intore wa jukwaani ataona kasoro. Anayetaka kujua fedha yake imefika kwa nani ataridhika.

Harusi ya Jumamosi

Limebaki pahali pamoja, ambapo pengine ni karibu zaidi na mgeni wa Gahanga kuliko pote palipotajwa. Ni harusi. Katika bustani na kumbi za Kicukiro, kama kwingineko Kigali, sherehe ya posa na mahari, iitwayo gusaba no gukwa, hukutanisha koo mbili zinazokaa zikielekeana. Wasemaji wa pande zote hubishana kwa mafumbo, ng'ombe hutajwa na kusifiwa, na kundi la ngoma lililokodiwa huwaingiza maharusi kwa nyimbo na hatua. Makundi mengi hupata sehemu kubwa ya riziki yake hapo.

Hii ndiyo milonga ya Rwanda. Mgeni huona ngoma ikifanya kazi yake: inamtoa binti kwa heshima, inawapoza wazee, inawapa vijana nafasi ya kuonekana. Lakini harusi haina tiketi. Huingiwa kwa mwaliko, na kusimama kwenye ua wa watu na simu mkononi ni utovu wa adabu. Mwenyeji akiwa na mwaliko, aombe ruhusa ya kuja na mgeni wake. Familia nyingi hukubali. Mgeni avae nguo ya heshima, aandae zawadi, na akae upande aliopangiwa, kwa sababu upande huo ndio utakaohesabiwa kuwa wake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kuuliza si ujinga, na kwa jambo hili huokoa fedha. Maswali matano yanatosha.

Kwanza, kundi linaitwa nani? Anayeuza onyesho asiyejua jina la wachezaji wake huenda anakusanya watu wa siku hiyo. Jina likipatikana, ni rahisi kulitafuta kwenye video za mtandaoni na kujionea kazi yake.

Pili, wachezaji ni wangapi, na wanawake wamo? Wanne au watano waweza kupamba mlo. Kwa mchezo wa safu wanahitajika zaidi.

Tatu, ngoma na nyimbo ni za moja kwa moja? Muziki wa kurekodiwa hauwezi kumsubiri mchezaji wala kumchochea, na mpigaji akikosekana, nusu ya mazungumzo imekufa.

Nne, onyesho huchukua muda gani, na huanza saa ngapi? Hapa mgeni wa Kiswahili ana hatari yake mwenyewe: saa mbili ya usiku ya Kiswahili na saa mbili ya mchana ya anayehesabu kwa mtindo wa Kizungu zinatofautiana kwa saa sita. Aandikiwe saa kwenye ujumbe wa simu.

Tano, kuna atakayeeleza, na kwa lugha gani? Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na si aibu kukiomba. Maneno machache kabla ya kila mchezo, yakisema unatoka eneo gani na huchezwa lini, hugeuza kelele kuwa kisa. Waandaaji wakiulizwa hivyo mara kwa mara, watamtafuta wa kuyasema.

Bei haikuwekwa kati ya maswali haya kwa makusudi. Bei kubwa mara nyingi hulipia chakula, kiti na mandhari ya mji usiku. Haisemi lolote kuhusu ngoma. Linalofaa kuulizwa ni kama malipo ya wachezaji yamo ndani ya bei hiyo, au wanategemea bahashishi. Ikiwa ni bahashishi, mgeni aje na noti ndogo, na ampe kiongozi wa kundi mbele ya wenzake.

Kalenda isiyosamehe

Aliyechagua mahali bila kutazama tarehe anaweza kukuta mlango umefungwa. Kuanzia tarehe 7 hadi 13 Aprili Rwanda huwa katika wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na burudani husimama. Kumbukumbu huendelea kwa siku mia moja hadi mwanzoni mwa Julai. Baada ya wiki ile ya kwanza shughuli hurejea, lakini mgeni anayeomba ngoma na shangwe katika kipindi hicho afanye hivyo kwa utulivu, asimshangae mwenyeji anayekataa. Gahanga yenyewe ni miongoni mwa mahali ambapo watu waliuawa kanisani mwaka 1994. Katika siku hizo anayefika hapo huja kukumbuka.

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya jamii. Asubuhi magari hupungua na maduka hufungwa, kwa hiyo safari ya Nyanza au Musanze ipangwe siku nyingine, au ianze baada ya kazi kwisha.

Kuna pia tarehe za neema. Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni Umuganura, sikukuu ya mavuno, ambapo ngoma huchezwa hadharani katika wilaya nyingi bila kiingilio. Kwa kawaida Septemba huwa na Kwita Izina, sherehe ya kuwapa majina watoto wa sokwe wa milimani, inayofanyika tangu mwaka 2005, na Intore huwa na nafasi kubwa ndani yake. Asiye na fedha za hoteli lakini anayeweza kuchagua mwezi wa kusafiri atapata mengi kwa tarehe hizo kuliko mwenye fedha aliyekuja Aprili.

Adabu ya mtazamaji

Kupiga picha huruhusiwa katika maonyesho mengi, lakini taa ya kamera usoni mwa mchezaji anayerusha mkuki ni hatari kwake na kwa aliye mbele. Watoto wanaocheza wasipewe fedha mkononi. Mchango upitie kwa mkubwa wa kundi. Mgeni akialikwa kucheza, aitike. Kukataa kwa aibu hueleweka, ila kuiga kwa mzaha, huku akijirekodi, huumiza. Umugara si kofia ya sherehe: anayetaka kuuvaa kwa ajili ya picha aombe, na akikataliwa aridhike.

Kwa aliyefikia Gahanga, basi, hesabu inaweza kufanywa hivi. Akiwa na jioni moja, achague hoteli au kituo cha sanaa, aulize maswali matano na aketi mstari wa mbele. Akiwa na siku nzima, aondoke alfajiri kwenda Nyanza ya Kusini, awaone inyambo, na apange kundi kabla ya kufika. Akiwa na juma zima, aulizie kama kuna onyesho la tiketi la kundi kubwa mjini, na mwenyeji wake aulizie kama kuna harusi Jumamosi. Na akija kwa mechi za Juni, akumbuke kwamba yuko ndani ya zile siku mia moja, aulize kwa upole, na asikie jibu atakalopewa.